Kwanza Niambie Usichokiona

Wanangu mliochagua kazi ya mawe,

Siku hizi kijana akija kwangu na ramani ya mgodi wa zamani, huja nayo ndani ya kompyuta mpakato, imepakwa rangi mpaka inapendeza. Njano ni jarosaiti, kahawia ni getaiti, nyekundu ni hemataiti, bluu ni kaolini. Mimi huitazama kwa furaha ya kweli, maana sisi tulianza kazi hii kwa nyundo, dira na picha za anga nyeusi na nyeupe, tukizipanga mbili mbili chini ya stirioskopu hadi macho yanauma. Halafu humuuliza: niambie kwanza, hapa hukuona nini? Wengi hunyamaza. Wachache hudhani nawadharau. Siwadharau hata kidogo. Swali hilo ndilo kazi yenyewe, na leo nataka tukae nalo.

Tuanze na kinachoonekana. Kamera ya simu yako hugawa mwanga mafungu matatu: nyekundu, kijani na bluu. Chombo cha haipaspektra huuchukua mwanga huo huo wa jua, pamoja na ule wa infraredi ambao jicho haliuoni, kikaukata vipande vyembamba kwa mamia. AVIRIS, chombo cha NASA kilichotengenezwa katika maabara ya JPL huko California na kuanza kuruka miaka ya 1980, kina chaneli 224 kati ya nanomita 400 na 2500. Kwa hiyo kila pikseli, yaani kila kiraka cha ardhi kwenye picha, hupata mstari wake wa mwanga, na mstari huo huwa na mabonde pale ambapo madini yamekula mwanga. Hemataiti ina bonde karibu na nanomita 860. Bonde la getaiti limesogea mbele kidogo, 930 hivi. Jarosaiti ina alama ndogo karibu na 2265, mbali kabisa na hao wenzake wawili. Kaolini ina mabonde pacha karibu na 2200, na ukishayaona mara moja hutayasahau tena. Jifunzeni kuisoma mistari hiyo kwa macho yenu kabla hamjaiachia programu iwasomee. Programu haikosi jibu. Ukiipa picha ya uwanja wa mpira itakutafutia madini humo pia.

Kwa nini tuhangaike na kutu ya chuma kwenye mgodi uliokwisha kufungwa? Kwa sababu ya pairaiti. Hayo ni madini ya chuma na salfa yanayong'aa kama dhahabu, na yamewahadaa wachimbaji wageni tangu zamani. Yakiwa chini ya mwamba, mbali na hewa, hayana neno. Yakichimbuliwa, yakapondwa na kumwagwa nje yapigwe na mvua na hewa, huanza kuoza, na vijidudu vya udongo huharakisha kuoza huko. Kinachotoka ni asidi ya salfa, na asidi hiyo huyeyusha risasi, zinki, kadimiamu na aseniki zilizokuwa zimelala ndani ya mawe, ikazishusha mtoni. Chuma chenyewe hubaki nyuma na kugeuka madini mengine kulingana na ukali wa maji. Maji yakiwa makali sana, pH ya 3 kwenda chini, hujengeka jarosaiti, unga wa njano kama binzari. Ukali ukipungua, hutokea getaiti. Mbali zaidi, na pakavu zaidi, utaikuta hemataiti. Kwa hiyo rangi zile za kutu zinapima ukali wa asidi, na zimekaa juu ya ardhi mahali ambapo chombo kinaweza kuzisoma kikiwa angani.

Mahali palipothibitisha jambo hili mbele ya macho ya kila mtu ni Leadville, mji mdogo wa Colorado, Marekani, ulioko mita 3,100 hivi juu ya usawa wa bahari. Walianza kuchota dhahabu katika korongo la California Gulch mwaka 1860, wakafuata fedha, risasi na zinki, na kwa zaidi ya miaka mia moja wakawa wanamwaga kifusi kila kona ya milima ile. Maji ya korongo hilo huingia Mto Arkansas. Mwaka 1983 serikali yao iliiweka California Gulch katika orodha ya maeneo yaliyochafuka vibaya kiasi cha kuhitaji kusafishwa kwa amri ya sheria. Mzigo ukawa huu: marundo ni mamia kwa mamia, yametapakaa milimani, na si yote yana madhara. Mengine ni mawe tu. Mengine yamekaa juu ya mwamba wa kaboneti unaoimeza asidi kabla haijafika mbali. Ukitaka kupima kila rundo kwa koleo na maabara, utazeeka hapo hapo.

Julai 1995 ndege ya NASA ilipita juu ya Leadville ikiwa na AVIRIS, na wataalamu wa taasisi ya jiolojia ya Marekani, USGS, wakiongozwa na Gregg Swayze, wakachora ramani ya madini ya kutu yale. Kilichojitokeza ni duara ndani ya duara: jarosaiti katikati ya marundo yenye madhara, getaiti ikiizunguka, hemataiti pembezoni. Wasafishaji wakajua waanzie wapi. Shirika la mazingira la nchi ile, EPA, lilikadiria kwamba ramani zile ziliharakisha kazi kwa takriban miaka miwili na kuokoa zaidi ya dola milioni 2 za uchunguzi.

Hadithi hiyo mnaisimulia vizuri kwenye semina zenu, nimewasikia. Ila mnaikatiza kabla ya sehemu ninayoipenda mimi. Watu wa Swayze hawakuishia kwenye picha. Walipanda milima ile, wakachota sampuli kutoka rangi moja hadi nyingine, wakazichovya katika maji na kupima maji yale yametoka na nini. Sampuli za eneo la jarosaiti ndizo zilizotoa maji makali yaliyobeba metali. Hapo ndipo rangi ya njano ilipopata maana. Kabla ya hapo ilikuwa dhana nzuri tu. Tena, angalieni walichodai: hawakusema wameiona risasi kutoka angani, wala kadimiamu. Walisema wameyaona madini yanayotuonyesha mahali ambapo risasi na kadimiamu zinaweza kuwa zinafunguliwa. Kati ya kauli hizo mbili pana shimo kubwa, na vijana wengi hutumbukia humo wakati wa kuandika ripoti.

Basi tuingie kwenye usichokiona. Dhahabu huioni. Kiasi chake ni gramu chache ndani ya tani nzima ya mwamba, na hata ingekuwa zaidi haina bonde lolote katika mawimbi haya. Zebaki waliyoimwaga wachimbaji wadogo kwenye mialo wanakooshea dhahabu huioni. Sainaidi huioni. Kwatzi, ambayo ndiyo imejaa kwenye kila mshipa wa dhahabu wa Kanda ya Ziwa, haina alama kati ya 400 na 2500. Hiyo hutafutwa kwa chombo kingine kinachosoma joto. Hata pairaiti yenyewe, mama wa matatizo yote, haina alama ya kutegemewa hapa: inabaki nyeusi nyeusi tu, na unaijua kupitia watoto wake. Kwa hiyo mtu akikuuzia ramani ya dhahabu aliyoichora kwa setilaiti, shika mfuko wako. Anachoweza kukuonyesha ni mwamba uliobadilishwa na maji ya moto ya zamani, mahali ambapo dhahabu huenda ipo na huenda haipo. Nimeona watu wakiuza mbuzi ili kununua ramani kama hizo.

Halafu kuna kina. Mwanga huu hauingii ardhini. Unasoma ngozi ya juu, unene usiofika hata milimita chache. Rundo likifunikwa kwa udongo mwekundu wa kina cha kiganja, kwenye picha litatokea safi kabisa, na pairaiti ikiendelea kuoza chini yake; ni ukuta wenye unyevu uliopigwa chokaa siku moja kabla mpangaji hajaja. Kwa hiyo mgodi uliofungwa ukasawazishwa na kupandwa nyasi hauwezi kusafishwa jina kwa picha. Wala usikubali kutia saini karatasi inayosema hivyo, hata anayekuomba awe ndiye anayekulipa.

Na sasa nchi zetu. Colorado ni pakavu, mlima uko uchi, jiwe linajionyesha. Huku kwetu mvua inanyesha, majani yanaota, na udongo wenyewe ni mwekundu toka enzi na enzi. Wengi huliruka jambo hili. Udongo wa Geita, wa Tarime, wa Migori umejaa hemataiti na getaiti ambazo hazikuletwa na mgodi wowote. Zimetengenezwa na jua na mvua kwa maelfu ya miaka. Ukichukua ramani ya Leadville na kuihamisha nzima nzima, utawaambia wanakijiji kwamba wanalima kwenye sumu, kumbe wanalima kwenye udongo wa kawaida wa babu zao. Kwetu nyekundu peke yake haisemi neno. Tafuta jarosaiti, tafuta chumvi za salfa, na ulinganishe na ardhi ya jirani isiyoguswa na mgodi. Kisha kuna mabati. Paa la bati lililoshika kutu linatoa mstari wa hemataiti safi kuliko mwamba wowote. Nimewahi kuonyeshwa ramani ambayo "uchafuzi" wake ulipangika kwa mistari iliyonyooka, nyumba kwa nyumba, na ukapita sokoni.

Hata Wamarekani walilazimika kujifunza kutenganisha kilicholetwa na mgodi na kilichokuwepo. Katika jimbo lile lile la Colorado uko mgodi wa Summitville, uliotelekezwa na mwenyewe mwaka 1992 ukiwa unavuja asidi kuelekea Mto Alamosa. Mwaka uliofuata AVIRIS ikarushwa juu yake. Ramani ikaonyesha kwamba mgodi ulikuwa na lake, lakini vijito vingine vinavyoingia mto huo, Alum Creek, Bitter Creek na Iron Creek, vinatoka kwenye miamba iliyooza yenyewe, ikitema asidi bila mchimbaji. Hili lina uzito mahakamani na lina uzito kijijini. Mwenye mgodi atapenda kusema asidi yote ni ya asili. Mwanakijiji aliyepoteza ng'ombe atapenda kusema yote ni ya mgodi. Wewe huna ruhusa ya kupenda lolote kabla hujatembea juu na chini ya mgodi ukiwa na karatasi ya pH mkononi.

Mkitaka pa kujifunzia karibu, someni habari za Kilembe, chini ya milima ya Rwenzori, magharibi mwa Uganda. Shaba ilichimbwa pale kwa nguvu kuanzia miaka ya 1950, na reli ikafika Kasese mwaka 1956 kwa ajili yake. Uzalishaji ukasimama mwanzoni mwa miaka ya 1980. Shaba iliondoka. Pairaiti yenye kobalti ikabaki imerundikwa Kasese kwa miaka mingi, mvua ikiikokota kuelekea Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, mpaka ukajitokeza ukanda wa ardhi usioota kitu katikati ya nyika ya kijani. Baadaye, tangu 1999, sehemu ya rundo lile ilisindikwa ili kutoa kobalti. Kule bondeni Kilembe nako marundo ya mabaki yamekaa kando ya Mto Nyamwamba, ambao mafuriko yake ya mwaka 2013 na 2020 kila mtu pale anayakumbuka. Hapa picha ina kazi ya kufanya: ardhi imekaa uchi, na mahali maji yanapopitia panafuatika. Hata mahali penye majani pana habari, kwani mmea ulioshikwa na metali huanza kupoteza kijani, na ule mpando mkali wa mstari wake kati ya nanomita 680 na 750 husogea kidogo kuelekea bluu. Kidogo, nasema. Ukame nao husogeza hivyo hivyo, na njaa ya mbolea vilevile.

Msimu nao una sheria zake. Mwisho wa kiangazi maji yaliyomo ndani ya rundo hupanda juu, yanakauka, na kuacha chumvi nyeupe na za manjano kama ukoko wa chungu. Chumvi hizo zimebeba asidi na metali, na mvua ya kwanza huziyeyusha zote kwa siku moja na kuzitupa mtoni; wavuvi wa vijito hujua siku hiyo kwa samaki wanaoelea. Picha ya Aprili haitakuonyesha chumvi hizo. Picha ya Agosti au Septemba mwanzoni itakuonyesha, ila hapo utakutana na moshi wa nyika na ardhi iliyoungua, na jivu jeusi linaficha kila kitu. Nendeni uwanjani wiki ile ile picha inapopigwa. Ukienda miezi mitatu baadaye na kusema umehakiki, umehakiki ardhi nyingine.

Kuhusu vifaa, mna bahati ambayo sisi hatukuwa nayo. PRISMA ya Waitalia iko juu tangu 2019, EnMAP ya Wajerumani tangu 2022, na EMIT ya NASA ilifungwa kwenye kituo cha anga cha kimataifa mwaka huo huo wa 2022. Picha za EMIT zinapakuliwa bila malipo, na za EnMAP ni kujiandikisha tu. Maktaba ya spektra ya USGS nayo iko wazi kwa yeyote mwenye intaneti. Lakini pimeni kabla ya kufurahi. Pikseli ya EnMAP ni mita 30 kwa 30, chini kidogo ya robo eka. Ya EMIT ni mita 60, karibu eka nzima. Rundo la marudio, yaani mabaki ya mawe yaliyokwisha kusagwa, nyuma ya karasha la mchimbaji mdogo ni dogo kuliko hapo, na ndani ya pikseli hiyo moja mtakuta marudio, mgomba, paa na barabara, vyote vimechanganywa katika mstari mmoja. Kwa mgodi mkubwa wa zamani picha hizi zinafaa. Kwa uchimbaji wetu mdogo utahitaji droni au miguu, na miguu ni rahisi zaidi.

Jengeni pia maktaba yenu wenyewe. Jarosaiti ya kwenye kabati la Marekani ni safi, imesagwa na kuchekechwa. Ya Sekenke kule Iramba, iliyopigwa jua tangu mgodi wa Wajerumani, ina udongo, vumbi la kwatzi na mizizi ndani yake. Chukueni sampuli, zipimeni kwa spektromita ya mkononi mkiwa na kile kibao cheupe cha kulinganishia, adhuhuri mbingu ikiwa wazi, na muandike kila sampuli ilitoka wapi. Ni kazi ya kuchosha, haina sifa, na hakuna mtu atakayewaalika mkutanoni kwa ajili yake. Lakini atakayekuja baada yenu atawaombea dua.

Jambo moja zaidi, na hili ni zito kwangu. Ramani ya mgodi wa zamani haisomwi na msafishaji peke yake. Kila rundo la mabaki kwetu lina mtu anayelitazama kwa jicho la pili: pana dhahabu iliyobaki, na bei ikipanda marudio huwa mali. Nyinyi mtachora mipaka ya sumu kwa nia njema. Kesho mtu atakuja na leseni mkononi na ramani yenu, awafukuze akina mama wanaochekecha pale, kwa maelezo kwamba anawalinda. Siku ya pili analeta mashine. Sisemi mfiche ramani. Nasema isomwe kwanza kijijini, kwa Kiswahili, kwenye mkutano wa hadhara, mwenyekiti na wazee wakiwepo, kabla haijaingia kwenye bahasha ya mtu yeyote. Na muwaambie pia msichokiona, ili asitokee wa kuijazia ramani yale isiyoyasema.

Mkifika uwanjani, anzeni chini ya rundo, mahali maji yanapotokea, si juu ambako gari linafika. Bebeni karatasi za pH, chupa ya maji yaliyotoneshwa, vifuko vya plastiki, glavu, na mwiko mdogo wa fundi. Kwangueni ukoko wa juu peke yake na muuweke kwenye kifuko chake, kwa sababu huo ndio setilaiti iliouona; kisha chimbeni kiasi cha dhiraa na muweke cha chini kwenye kifuko kingine, kwa sababu hicho haikukiona. Vikitofautiana sana, andikeni hivyo kwenye ukurasa wa kwanza wa ripoti, si kwenye kiambatisho.

Halafu mtafuteni mzee aliyewahi kufanya kazi pale: mpiga baruti, dereva wa lori, mpishi wa kambi, yeyote. Msalimieni, kaeni, msimharakishe. Msimuulize dhahabu ilikuwa wapi, hilo kila mtu amemuuliza. Muulizeni kifusi kilipelekwa wapi. Kifusi cha migodi kimejaza mashimo ya barabara, kimetiwa kwenye misingi ya nyumba, kimesawazisha viwanja vya shule, na juu yake kumeota nyasi na kujengwa paa. Atawaonyesha kwa fimbo. Andikeni alipoonyesha, mwaka alioutaja na kina alichokipima kwa mkono wake, kisha ombeni ruhusa ya mwenye kiwanja na mchimbe hapo sampuli yenu ya kwanza.